Kreifishi yupi wa kuweka kwa tangi? Mwekundu wa Naivasha, Bluu, Kibete, Gando Jekundu na Marumaru

Watu wa matangi ya samaki hapa Nairobi wakitaka kreifishi, yaani kamba wa maji matamu mwenye magando, karibu wote wanaanza na rangi. Nataka yule wa bluu. Nataka yule wa oranji niliona kwa video. Ni sawa, rangi ndio inavuta macho, lakini kwa hawa viumbe rangi ndio kitu cha mwisho cha kuamini, inabadilika na umri, inabadilika na chakula, inabadilika kila akijivua gamba, na aina mbili tofauti kabisa zinaweza kukaa bluu ileile ukashindwa kuzitenganisha kwa macho ya haraka. Umbo ndio litakwambia umebeba nani nyumbani, atafika ukubwa gani, atamla nani. Kwa hivyo hapa naanza na umbo, rangi inafuata, alafu mambo ya nyumba: nafasi, baridi na maji yetu, ukali, uzazi. Bei sitaweka, inategemea muuzaji na siku.

Tulio nao ni watano. Mwekundu wa Naivasha, Procambarus clarkii, kwao ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, aliwekwa Ziwa Naivasha 1970 na hajaondoka. Bluu wa Florida, Procambarus alleni. Kibete wa Chungwa, Cambarellus patzcuarensis, wa Ziwa Pátzcuaro kule Meksiko. Gando Jekundu, Cherax quadricarinatus, wa kaskazini mwa Australia na Papua New Guinea. Na Marumaru, Procambarus virginalis, huyu alianza kuonekana kwa matangi ya watu Ujerumani miaka ya 1990 na hadithi yake ni ya ajabu kidogo, tutaifikia.

Dunia ina aina zaidi ya 600 za kreifishi wa maji matamu lakini Afrika bara haina hata mmoja wa asili, walio wa asili karibu nasi ni wa Madagaska tu. Yaani yeyote utakayemuona Kenya ni mgeni, hilo liweke akilini mpaka mwisho.

Umbo

Mshike kwa mgongo, vidole viwili nyuma ya magando, hapo hawezi kukufikia. Sasa angalia magando, alafu mgongo, alafu mgeuze uone tumbo.

Mwekundu wa Naivasha ana magando marefu yaliyopinda kidogo kama herufi S, yamejaa vinundu vyekundu vinavyong'aa, ukipitisha kidole unasikia kabisa. Lakini alama yake ya uhakika iko mgongoni. Gamba la mgongo lina mistari miwili inayotoka nyuma kuelekea kichwani, na kwake hiyo mistari inakutana katikati mpaka inakuwa mstari mmoja, hakuna nafasi. Kwa Bluu wa Florida mistari haikutani, kuna kanjia kembamba katikati. Hii ndio inamaliza ubishi, kwa sababu Mwekundu naye ana ukoo wa bluu unaofugwa na unauzwa, na mtu akikuletea bluu anayesema ni wa Florida wewe angalia hako kanjia tu. Dume wa Florida pia magando yake ni membamba na marefu zaidi, hayana vile vinundu vikubwa.

Marumaru naye ana pengo mgongoni, wazi kabisa, lakini magando yake ni madogo ukilinganisha na mwili, mtu anaweza kudhani bado ni mtoto kumbe amemaliza kukua.

Kibete ni Mwekundu aliyefanywa mdogo, sentimita 4 hivi, akifika 5 ni jitu. Magando yake ni vijiti tu, hawezi kukuumiza hata akitaka.

Gando Jekundu ni wa ukoo mwingine kabisa, asili ya wale wanne ni Amerika na huyu ni wa kusini mwa dunia, na inaonekana. Mwili laini, hauna vile vinundu, kichwani juu ana migongo minne iliyoinuka inayoenda sambamba, jina lake la kisayansi lenyewe linasema hiyo minne. Dume akikomaa anaota kiraka chekundu upande wa nje wa gando na ukikigusa ni laini, hakina ugumu wa gamba. Jike hana hicho kiraka. Kwa hivyo usimkatae jike eti amekosa wekundu, na usikubali kuambiwa ni aina nyingine ya bei ya juu.

Kuhusu dume na jike, wale wa Amerika ni rahisi: mgeuze, dume ana vijimiguu viwili vigumu vimelala mbele kati ya miguu ya kutembelea, jike hana. Madume hawa wana kitu kingine ambacho kinachanganya watu sana, wanabadilisha umbo. Wakati wa kuzaana wanakuwa na magando makubwa na ndoano ndogo kwa mashina ya miguu, wakijivua gamba baada ya msimu wanarudi magando ya wastani na ndoano zinapungua, wakijivua tena wanarudi walivyokuwa. Ni kreifishi yuleyule. Gando Jekundu hana huu mchezo, kwake dume unamjua kwa vinundu viwili kwenye mashina ya jozi ya mwisho ya miguu, na jike ana matundu kwenye jozi ya tatu.

Na ukiona gando moja kubwa lingine dogo, hiyo si aina wala ulemavu wa kuzaliwa. Alipigana akapoteza, linaota upya, atajivua mara kadhaa kabla yalingane. Ni mahali pazuri pa kuomba upunguziwe bei kwa kweli.

Rangi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa za watu zinapotea.

Rangi ya kreifishi inatokana na astaksanthini, ndugu wa ile rangi ya karoti, na malighafi yake anaipata kwa chakula. Ikiwa peke yake ni nyekundu. Ikishikana na protini ndani ya gamba inaonekana bluu, kijani, kahawia, kutegemea imeshikanaje. Ndio maana ukimtia yeyote kwenye maji ya moto, hata yule wa bluu ya kung'aa, anatoka mwekundu: moto unavunja protini, rangi inabaki uchi.

Sasa kama rangi inapitia tumboni, ukibadilisha chakula unabadilisha kreifishi. Kule Japani, ambako Mwekundu alipelekwa 1927 awe chakula cha vyura wa kufugwa, watoto wanajua hii kitu vizuri, unamlisha samaki mweupe peke yake, hapati malighafi ya wekundu, na kila akijivua gamba anapauka zaidi mpaka anakuwa bluu, mwisho karibu mweupe. Ukimrudishia karoti na majani wekundu unarudi. Maana yake kwako mnunuzi ni kwamba kuna bluu mbili sokoni. Kuna bluu ya damu, ya kurithi, hiyo inakaa ukimlisha chochote. Na kuna bluu ya njaa, ukifika nyumbani ukianza kumpa spinachi na karoti kama mtu mwenye roho nzuri, baada ya miezi kadhaa unabaki na wa kahawia ukidhani mtu alikubadilishia usiku.

Mmoja mmoja basi. Mwekundu akiwa mdogo si mwekundu, ni kijivu cha tope au zeituni, wekundu uliokolea unakuja akikomaa pamoja na ule mstari mweusi mpana juu ya mkia. Ana pia koo za bluu, nyeupe na chungwa ambazo wafugaji wamezitenga. Bluu wa Florida porini mara nyingi ni kahawia mwenye madoa, hii bluu kali ya matangini ni kazi ya kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, na ukimpandisha na wa kahawia usishangae watoto wakitoka kahawia. Kibete vilevile, kwao Pátzcuaro ni kahawia na kijivu, chungwa ni ukoo uliotengwa na wafugaji, ila kwa huyu rangi inakaa vizuri na ni wa chungwa tangu utotoni. Gando Jekundu ni kijani kinachoenda bluu, na bluu inakolea ama kupungua kulingana na maji na chakula, viungo vyake vina michirizi ya manjano na chungwa ambayo kwa picha haionekani vizuri, kwa macho inapendeza kuliko anavyosifiwa.

Marumaru. Hawa wote ni majike, hakuna dume, kila mmoja anataga bila kupandwa na watoto ni nakala za mama. Badala ya seti mbili za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, wana tatu. Ungetarajia basi wawe sare kama shati za shule, lakini wapi, ndugu wa mama mmoja, tangi moja, chakula kimoja, kila mmoja ana mabaka yake na hakuna wawili wanaofanana. Wanasayansi wanawapenda kwa hiyo sababu. Rangi yenyewe ni kahawia na krimu, wakati mwingine inaenda bluu kidogo, si ya kuita wageni waone, lakini ukikaa karibu na kioo mabaka ya ubavuni ni kama jiwe la kaunta za jikoni za Kileleshwa.

Jambo la mwisho la rangi: kabla ya kujivua gamba wote wanafifia wanakuwa kama wamepakwa vumbi, baada ya kujivua wanang'aa. Ukinunua aliyefifia huenda unapata mzuri zaidi ya yule anayeng'aa.

Ukubwa na nafasi

Kibete anatosha kwa tangi la lita 30, wawili watatu. Marumaru na Bluu wa Florida wanafika sentimita 10 hivi na kuendelea kidogo, wape lita 60 mpaka 80 kila mmoja. Mwekundu anapita 12 akishiba. Gando Jekundu ni mnyama mwingine, dume anaweza kupita nusu kilo, yaani chini ya lita 200 usimtese. Wote wanatoroka, na wanatembea nchi kavu vizuri tu, watapanda waya wa filta, watapanda mpira wa pampu ya hewa, kwa hivyo kifuniko ni lazima na kiwe na uzito juu.

Baridi na maji ya Nairobi

Mwezi wa saba maji ya tangi kwa nyumba isiyopata jua yanashuka mpaka nyuzi 17, 18. Mwekundu hajali, Naivasha kwenyewe ni mita 1,890 hivi juu ya bahari na usiku ni baridi kuliko kwetu. Kibete naye kwao ni juu ya mita 2,000, kwa hivyo huyu mdogo anayeonekana dhaifu ni mtu wa milimani na hita hahitaji. Marumaru anavumilia. Bluu wa Florida anavumilia pia ila anapoa, anakula kidogo, kujivua kunachelewa. Gando Jekundu ni wa joto, anataka nyuzi 24 kwenda juu, chini ya 20 hakui, na hita ya lita 200 usiku kucha Julai yote utaisikia kwa tokeni za stima.

Maji ya mfereji yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni laini, hayana kalsiamu ya kutosha, na kreifishi bila kalsiamu hawezi kujenga gamba jipya. Yeye mwenyewe anajiwekea akiba, kabla ya kujivua anatengeneza vijiwe viwili vyeupe tumboni vya kuanzia gamba linalofuata, lakini havitoshi. Weka mfupa wa ngisi ama maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, na gamba kuukuu usilitoe, atalila. Klorini, acha maji kwa ndoo usiku mzima na pampu ikipuliza. Dawa za samaki zenye kopa zinaua wote watano, soma chupa kabla ya kumwaga.

Ukali na majirani

Kibete ndio pekee ninayeweza kusema weka na samaki wadogo na uduvi ulale usingizi. Gando Jekundu ni mpole kuliko sura yake, madume wanasukumana lakini si vita vya kufa, ila mimea atakula. Marumaru wanaishi kwa kundi bila fujo nyingi. Bluu wa Florida ni mkorofi, samaki wa chini wanaolala usiku hawaamki wote. Mwekundu ni mkorofi na mharibifu, anachimba, anang'oa, anakula kila kitu, tena ukitaka kujua atafanya nini kwa mimea yako uliza wazee wa Naivasha, yungiyungi zilizokuwa zimefunika kingo za ziwa zilikuwa zimeisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 na huyu bwana ni mmoja wa walioshtakiwa.

Gando Jekundu usimchanganye na yeyote kati ya wale wanne. Wa Amerika wanaweza kubeba ugonjwa wa ukungu ambao wao hauwaumizi sana, na wa Australia unawafagia. Hata neti moja usitumie kwa matangi mawili.

Uzazi

Kibete anabeba mayai 20 mpaka 60, watoto wanaweza kukaa na mama. Mwekundu, Bluu na Gando Jekundu ni mamia. Marumaru ni mamia pia, lakini mmoja tu anatosha kuanza, hiyo ndio tofauti. Ukimnunua mmoja mwaka huu, mwakani unatafuta marafiki wa kuwapa, na mtoto mmoja akipita kwa bomba la maji machafu akafika mtoni amebeba ukoo mzima peke yake. Ndio alivyoenea Madagaska kuanzia miaka ya 2000. Muungano wa Ulaya ulimpiga marufuku 2016, pamoja na Mwekundu.

Sasa uchukue yupi

Unaishi bedsita, tangi liko juu ya kabati, una gapi na uduvi tayari: Kibete. Ubaya wake ni maisha mafupi, mwaka mmoja na nusu mpaka miwili, kama una mtoto wa shule anayempa kila kitu jina jiandae.

Unataka mmoja wa kuonyesha, tangi lake peke yake, hutaki samaki wengine: Bluu wa Florida, ama Mwekundu wa ukoo wa bluu, kwa macho ni karibu sawa na Mwekundu atavumilia makosa ya maji zaidi.

Unataka wa kuanzia bila gharama ya hita na unakaa karibu na mtu anayetoka Naivasha: Mwekundu wa kawaida. Huyu tayari yuko nchini, hujaongeza mgeni mpya. Kama ni wa ziwani moja kwa moja mtenge kwanza wiki kadhaa, anakuja na vimelea vyake.

Una nafasi, una umeme wa kutegemea, unapenda mnyama mkubwa mtulivu: Gando Jekundu, lakini jua alitoroka kwa wafugaji akaenea mto Kafue Zambia na Ziwa Kariba, na ukifikiria kumuagiza kutoka nje ama kumfuga kwa bwawa la shamba Juja, pitia Kenya Fisheries Service kwanza kabla hujatuma pesa, kibali si mapambo.

Unafundisha bayolojia na unataka wanafunzi waone jinsi damu moja inavyotoa sura tofauti: Marumaru kwenye karatasi ndiye bora kabisa, na kwa maabara yenye kifuniko, mfereji uliozibwa na ruhusa atafaa. Kwa nyumba ya kawaida mimi simshauri mtu. Kuna wanaosema nazidisha. Sawa.

Unahama nyumba na hutaki tena: mpe mwenye tangi, ama mweke kwa friza. Mto Mbagathi, Nairobi Dam, bwawa la Karura, hapana, hata awe mmoja.

Na kama umeamua ni bluu na hakuna wa kukutoa hapo, siku ya kununua uliza muuzaji anamlisha nini, alafu omba amtoe majini umuone mgongo. Akikuambia anakula samaki tu, uliza ana watoto wake, na watoto ni rangi gani. Kama watoto ni bluu lipa. Kama hana watoto wa kukuonyesha, toa bei ya kreifishi wa kahawia.